Bi Kimya Hapepesi Macho

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua kampuni. Makao makuu ni chumba cha kujaribia nguo, dukani kwa mke wangu, fundi cherehani. Kinatosha mtu mmoja na kioo, au watu wawili wasiogombana. Kina pazia. Pazia ndilo mtaji wangu wote.

Kazi: pesa za ng'ambo kwa njia ya blokcheni. Nilimweleza mke wangu taratibu, maana alikuwa ameshika mkasi. Blokcheni ni daftari moja kubwa la mtandaoni, limenakiliwa kwenye kompyuta chungu nzima duniani, halifutiki, halina benki katikati. Mtu wa ng'ambo anatuma sarafu za kidijitali, zinaingia kwenye pochi ya simu, mimi nazibadilisha kwenye soko la mtandaoni, mteja anapata noti. Hakuna fomu. Hakuna kitambulisho. Siri tupu.

Mke wangu akauliza: kama daftari liko kwenye kompyuta zote hizo, siri inakaa wapi? Nikamwambia hilo ni swali la mtu wa cherehani. Akaniambia kodi ya chumba cha kujaribia ni kila Jumamosi.

Upande wa pili wa barabara yupo adui yangu, Bwana Risiti, wakala wa pesa wa miaka mingi. Wanamwita hivyo kwa sababu hata ukimsalimu anatafuta kalamu. Anadai kitambulisho hata kwa mkewe. Na bado foleni yake inafika mlangoni kwa kinyozi. Foleni ile inaniuma kuliko jino.

Jumanne, 4 Machi

Soko la mtandaoni, lile la kubadilishia sarafu, linataka kujua mwenye akaunti ni nani. Jina, tarehe ya kuzaliwa, picha ya uso. Nimeudhika. Muuza siri atajianikaje mwenyewe? Wanasema mganga hajigangi. Mimi nitajiganga.

Nikazunguka duka kutafuta uso. Nikaupata dirishani. Ni sanamu ya kuvalishia nguo: ina kichwa, ina midomo ya rangi, ina macho yanayotazama barabara bila kumhukumu mtu. Mke wangu humwita Bi Kimya, na humsifu mbele yangu kuliko inavyopasa. Nilimvua gauni la mteja, nikamvalisha koti langu na kofia yangu. Picha tatu. Jina: Kimya Kioo, kwa kuwa anakaa kwenye kioo cha dirisha. Cheo: mkurugenzi. Tarehe ya kuzaliwa nilimpa ya mama mkwe, kwa heshima.

Amekubaliwa papo hapo! Mashine ikaandika, "Karibu, Kimya." Mwaka jana benki ilinikataa mimi, ikisema sifanani na kitambulisho changu.

Mke wangu alirudi akakuta gauni la mteja kitini na Bi Kimya amevaa kiume. Akasema koti limemkaa kuliko mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Wateja wawili. Wa kwanza ni mwenye nyumba wetu, ambaye mwanawe yuko ng'ambo. Aliingia nyuma ya pazia, akakohoa, akasema ndugu zake wasijue kabisa kwamba kijana anamtumia pesa, maana wanamsubiri atoe mchango wa kuezeka nyumba ya marehemu baba yao, naye amewaambia hana kitu. Nikaapa. Wa pili ni fundi viatu. Yeye anatuma. Kwa nani, hakusema. Mkewe asijue, hilo alilisema mara tatu. Kila mmoja nimemfungulia pochi yake, yenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu ambayo hata aliyeiandika hawezi kuisoma.

Sasa lililo kubwa. Mama yangu anaishi nasi, chumba cha nyuma. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe, akakilaumu kikombe. Zamani ndiye aliyemtungia mke wangu uzi kwenye sindano. Siku hizi huishika sindano, huigeuzageuza, kisha huiweka chini. Hilo linanichoma. Kuna daktari bingwa mgeni, yupo hospitali mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Atafanya jicho la kulia kwanza, sharti malipo yafike kabla ya Jumatano ijayo mchana. Asiyelipa amsubiri bingwa arudi, na hakuna anayejua ni lini.

Malipo anatuma dada yangu, anayelea wazee ng'ambo. Kila mwezi hutuma kupitia kwa Bwana Risiti. Damu yangu, kwenye foleni ya adui! Nilimpigia simu, nikaipigia debe kampuni. Ada ndogo, maswali hakuna. Dada akauliza pesa zikipotea atamshtaki nani. Nikamwambia mimi ni mdogo wake. Akasema ndiyo maana anauliza. Mwishowe akakubali, kwa ajili ya ile ada, nami nikamfungulia mama pochi yake.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni ya jirani leo ilipinda kona. Yangu ilikuwa na mtu mmoja, naye alitaka kujaribu suruali.

Shida ni kwamba watu hawajui nina wateja. Dawa nimeipata: ubao. Nimeutundika nje, kando ya mlango. WATEJA WETU WA HESHIMA, kwa rangi nyekundu. Jina sikuandika hata moja, siri ni siri. Nimeandika kazi ya mtu na anwani ya pochi yake, kamili. Mwenye Nyumba wa Jengo Hili. Fundi Viatu wa Kona. Mama Mzazi wa Mwanzilishi. Nani ataambulia kitu kwenye utitiri ule wa tarakimu?

Bwana Risiti alivuka barabara, akausoma wote mikono nyuma, akauliza kama wateja wameridhia. Wivu tu. Kinyozi aliupiga picha. Nikamkenulia meno. Umaarufu umeanza.

Jumamosi, 8 Machi

Pesa za dada zimeingia! Saa kumi jioni, kwenye pochi ya mama. Zimefika kabla ya ujumbe wake wa kuniambia ametuma. Nikazihamishia sokoni haraka, kwenye akaunti ya Bi Kimya, ili zigeuke noti. Nikacheza kidogo mbele ya kioo.

Kisha soko likaandika kwamba zimeshikiliwa. Kiasi ni kikubwa. Kwa sheria za kuzuia pesa chafu lazima wajue nani katuma na nani anapokea, na mwenye akaunti ajitokeze kwenye video. Ageuke kushoto, ageuke kulia, apepese macho mara mbili.

Nikafungua pazia, nikamtazama Bi Kimya pale dirishani. Yeye akaendelea kutazama barabara.

Jumapili, 9 Machi

Kugeuka ameweza. Nilimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, nami nikalala sakafuni nikawa namzungusha. Kushoto, kulia, bila kosa. Tatizo ni kupepesa. Nilikata kope za kitambaa cheusi, nikazibandika kwa gundi, nikazifunga nyuzi, nikavuta. Moja ikafunga. Nyingine ikamwangukia mdomoni. Mashine ikasema uso hauonekani kuwa hai. Jaribio la pili ikashauri niongeze mwanga. La tatu ikanifungia mpaka kesho.

Mke wangu alinikuta chini ya kiti nimeshika nyuzi mbili. Nikamsimulia yote. Akasema niwaandikie watu wa soko ukweli leo leo: mimi ni fulani, picha ni ya sanamu, pesa ni za dada yangu, kitambulisho changu hiki hapa. Mficha uchi hazai, alisema. Nikamwambia mkurugenzi hawezi kujiuzulu wiki ya kwanza, soko litafikiriaje?

Jioni mama akauliza kama pesa za dada zimefika. Nikasema bado. Ulimi uliteleza, na ulipoanza haukusimama: nikasema labda dada amebanwa, labda amesahau. Mama akasema dada hajawahi kusahau. Nilijisikia vibaya sana. Nilikula, lakini vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mama alimpigia dada simu. Akamwambia kama amechoka kumsaidia aseme tu, asimwache gizani. Dada akalia. Nilimsikia mpaka nyuma ya pazia. Akaapa alituma Jumamosi. Mama akabaki na simu mkononi, hajui amwamini yupi kati ya watoto wake wawili. Mimi nilikuwa natafuta kifungo sakafuni. Hakukuwa na kifungo.

Mchana, balaa. Kumbe lile daftari la blokcheni liko wazi. Wazi kabisa! Ukiwa na anwani ya pochi unaiingiza kwenye tovuti, unaona kila kilichoingia na kila kilichotoka, saa na kiasi. Kisichoonekana ni mwenyewe tu. Na mwenyewe nimemwonyesha mimi, kwa rangi nyekundu, kando ya mlango. Maelezo haya yapo ukurasa wa pili wa mwongozo. Mimi ni mtu wa ukurasa wa kwanza.

Kinyozi amezima redio, sasa anawasomea wateja pochi. Mtu anakaa kunyolewa, anaondoka akijua mwenye nyumba alipata kiasi gani Ijumaa. Ndugu za mwenye nyumba wamekuja watatu, wameshika bei ya mabati. Mke wa fundi viatu alikuja peke yake, na hiyo ilitisha zaidi. Alitaka kujua pochi ile ya ng'ambo ni ya nani, na kwa nini inakula vizuri kuliko watoto wake. Fundi viatu naye kanitumia salamu: viatu vyangu atavishona nikiwa nimevivaa.

Nimeushusha ubao. Daftari halishuki.

Jumanne, 11 Machi

Leo kinyozi amefika kwenye pochi ya tatu. Mama Mzazi wa Mwanzilishi: zimeingia Jumamosi saa kumi, zimetoka saa kumi na dakika tano. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Na mama alikuwa amekaa kizingitini kwetu, anaota jua.

Alikuja akipapasa ukuta mpaka kwenye pazia, akalifungua. Nilikuwa ndani na Bi Kimya, nabandika kope mpya. Nikaanza kueleza habari za mtandao wa ng'ambo. Akaniambia nisijichoshe. Akasema yeye haoni, lakini hizo pesa ameziona. Akasema amemliza mtoto wake kwa ajili ya uongo wangu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alasiri akaja mteja mpya, mama mmoja nadhifu mwenye mkoba. Nikaona Mungu hamtupi mja wake. Nikamwingiza nyuma ya pazia, nikampa hotuba nzima: hapa hatuandiki jina, hatuulizi kitambulisho, serikali haioni hata unyoya. Alinisikiliza vizuri mno. Kisha akasema yeye ndiye serikali. Ofisa wa mamlaka ya fedha. Shemeji yake hunyolewa hapo jirani.

Akasema ameona wahalifu wa kila aina, ila mimi ni mpya kwake: wateja nimewaficha kwa wale wanaopaswa kuwajua, nikawaanika kwa wale wasiopaswa. Sheria inataka kinyume chake. Nikauliza kama sheria haina nafasi ya ubunifu. Akaifunga kampuni mpaka nipate leseni. Kuhusu pesa za dada akanipa ushauri wa bure. Nipeleke sokoni kitambulisho changu cha kweli, cha dada, na maelezo ya kilichotokea, zitatoka. Ni hivyo tu, alisema.

Ni hivyo tu! Nani atategwa na mtego mwepesi hivyo?

Alipotoka aliagiza sketi kwa mke wangu. Mke wangu akampima, wakacheka, bila kunionea haya.

Jumatano, 12 Machi

Leo ndiyo mwisho wa malipo. Usiku kucha mama hakulala, nilimsikia akijigeuza. Dada amemwomba mwajiri wake mshahara wa mwezi ujao, ametuma upya. Kupitia kwa Bwana Risiti.

Mama alikataa nimshike mkono kuvuka barabara. Akashikwa na mke wangu. Mimi nikafuata nyuma, mpita njia tu.

Bwana Risiti aliomba kitambulisho cha mama, ingawa anamjua miaka yote hii. Akakitazama, akamtazama. Akamwinamia ili mama amtaje aliyetuma kwa sauti ndogo. Akawaambia watu wa foleni warudi nyuma kidogo. Noti alizihesabu chini ya meza, risiti akaikunja kabla ya kumpa. Nikaduwaa. Mtu huyu anajua habari za mtaa mzima, nani anatumiwa, nani anatuma, nani hana, na sijawahi kusikia hata moja ikitoka kinywani mwake. Hii ni hila kubwa ya kibiashara. Nitachunguza anapata faida gani.

Akaniuliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kupunga upepo wa feni.

Malipo yamefika hospitali kabla ya adhuhuri. Njiani kurudi nilitaka kumwomba mama msamaha. Maneno nilikuwa nimeyapanga kabisa. Lakini fundi viatu akatokeza kwenye kona, ikabidi nipitie njia nyingine.

Ijumaa, 14 Machi

Bendeji imetoka.

Tulisimama wote. Mama akapepesa, akapepesa tena, machozi yakamtoka, ya dawa na ya kweli. Akamwona mke wangu, akamwambia amekonda, wanamlisha nini. Akaniona mimi. Akasema nimezeeka, na koti halinikai. Kisha akanishika shavu. Nililia mbele ya muuguzi, na sioni haya kuliandika.

Jioni aliomba sindano. Uzi ukapita mara ya kwanza. Mke wangu alisimamisha cherehani ili atazame. Dada alikuwa kwenye simu, mama akamwambia amsamehe, na dada akasema hakuna cha kusamehe kwa mama, kuna mtu mwingine wa kushughulikiwa.

Nimeamua. Pesa za dada zilizokwama nitazitoa, alipe deni la mwajiri wake, na nitazitoa kwa njia safi. Nimemwahidi mama, mke wangu na Mungu, kwa mpangilio huo.

Jumapili, 16 Machi

Nimefikiri kwa kina. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa la kiufundi: Bi Kimya hapepesi macho. Basi. Sasa hapa nyumbani ni nani anayepepesa kuliko wote? Daktari mwenyewe amemwambia apepese. Na kwa ile tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe, umri unalingana barabara. Ukiangalia vizuri utauona mkono wa Mungu.

Alasiri nilimkalisha mama karibu na dirisha. Nikamvalisha koti langu na kofia, nikamwambia tunampiga video dada afurahi. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Akapepesa, jamani, nani kakuambia kupepesa! Mashine ikaanza kuandika kwamba inahakiki.

Hapo mama akaomba simu auone uso wake. Nikampa, mtoto gani atamnyima? Akaisogeza mbali kidogo, kisha karibu kidogo. Akasoma kwa sauti: Kimya Kioo, mkurugenzi. Akaniuliza huyo ni nani. Kabla sijajibu akaendelea kusoma. Akasoma masharti yote, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo sidhani binadamu amewahi kuyasoma. Alipofika kwenye kifungu cha kujifanya mtu mwingine, akainua macho, akanitazama juu ya simu. Kisha akabonyeza palipoandikwa "Mimi siye mwenye akaunti".

Watu wa soko wakapiga simu pale pale. Mama akawaeleza kila kitu, tangu pazia. Mke wangu akaitwa kuthibitisha, akathibitisha kwa furaha isiyo ya lazima. Kitambulisho changu kilitolewa mfukoni mwangu bila ridhaa yangu, na eti mimi ndiye nisiyejali faragha. Wamesema pesa zitarudi kwa dada wiki hii. Dada ameshangilia. Bwana Risiti ameletewa habari na kinyozi, amecheka tu kwa mabega.

Kwa hiyo kampuni imekufa, ilhali ilibaki kope moja tu ifanikiwe. Nimetafuta chanzo cha kushindwa kwetu, na sipendi kumsema mtaalamu, lakini ile operesheni ilizidishwa. Tuliomba mama aone. Hakuna aliyeomba asome.

Kumbe bingwa anarudi mwezi ujao, na jicho la kushoto limeshapangwa. Kesho nitapiga simu hospitali niulize kama kuna haraka yoyote.